Kona

Mistari miwili, herufi thelathini na saba kila mmoja,
sekunde sita, kisha maneno yafutike.
Hiyo ndiyo mizani yangu.
Nalipwa kwa dakika ya filamu, si kwa usiku ninaokesha,
na nje theluji ya Iași inalamba taa za barabarani.

Kiingereza kina vitenzi vidogo kama funguo za kasha:
sema "kutoa", ongeza "juu", mtu amekata tamaa;
ongeza "ndani", amesalimu amri;
ongeza "mbali", amejisaliti mwenyewe.
Kitenzi ni kilekile.
Nani aliwapa ruhusa?

Baba, Ilarion Hriscu, miaka thelathini na mmoja dereva wa tramu,
hajui Kiingereza zaidi ya "sori",
lakini ndiye kamusi yangu ya jikoni.
Namuuliza akimenya viazi:
Baba, jambo litakalotokea siku nguruwe watakaporuka angani?
"Pasaka ya farasi." Hata kichwa hainui.
Na mvua ya paka na mbwa?
"Paka wamekosa nini? Mvua ni ya ndoo."
Na kazi rahisi, wanaiita kipande cha keki?
"Ua sikioni." Anapapasa sikio, kana kwamba ua lipo.
Na yule aliyepiga ndoo teke?
Baba anaweka kiazi chini.
"Ndoo ileile ya mvua?"
Hapana, Baba. Amekufa.
"Basi huyo ametoa kona. Andika hivyo.
Na usimcheke maiti."

Mwezi wa pili mapafu yake yakajaa maji.
Nikahamia wodini na kompyuta,
nikawa natafsiri magotini
filamu ya wapishi wanaotukanana huko London,
oksijeni ikichemka chupani kama chai isiyoiva.

Alhamisi kaka yangu Grigoraș akapiga simu kutoka Leeds,
akampa mwanawe.
Teofil ana miaka tisa. Kiromania chake kimebaki
cha kuombea chakula na cha nyimbo za Krismasi.
Akauliza kwa Kiingereza, nami nilikwisha kuweka spika:
Shangazi, babu amekata kona?

Kwao, mgonjwa aliyekata kona amepata nafuu.
Kwetu, aliyetoa kona amekata roho.

Baba akafungua jicho moja.
"Anasemaje mtoto?"

Sekunde sita.
Maneno laini nilikuwa nayo: anakusalimu, amekukumbuka,
anauliza hali. Yote yangeenea mstarini.
Tatu. Nne.
Nikasema, neno kwa neno, kama mwanafunzi mvivu:
Anauliza kama umetoa kona.

Kimya.
Halafu kifua kikaanza kutikisika,
nikadhani ndiyo hiyo, nikapapasa kengele ya muuguzi,
kumbe ni kicheko, kicheko chenye kutu,
hata mzee wa kitanda cha pili akauliza kuna nini,
akaambiwa, akacheka naye, ameshika mshono wake wa tumbo.

"Mwambie," Baba akasema alipopata pumzi,
"kona ya Podu Roș nimeipita mara elfu arobaini,
na kila mara tramu ilipiga ukelele
kama ng'ombe anayepelekwa machinjioni.
Mwambie breki zipo."

Breki zipo.
Teofil alikuwa akingoja, nasikia televisheni yao kwa mbali.
Nikafungua kinywa.
Breki zipo, maana yake nini kwa mtoto wa Leeds:
kwamba babu haanguki,
au kwamba anasimama?

"Shangazi?" akasema. "Upo?"

Nipo, nikamwambia. Ngoja kidogo.
Natafuta.